Peter Andreas Hansen: Mwanafalaki wa Mwezi na Upimaji wa Milima ya Usambara

Peter Andreas Hansen alikuwa mwanafalaki wa karne ya 19 aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kukokotoa mwendo wa mwezi. Alizaliwa mwaka 1795 na kufariki mwaka 1874 akiwa mkuu wa kituo cha falaki cha Gotha, mji mdogo wa Ujerumani ya kati. Majedwali yake ya mwezi yalichapishwa London mwaka 1857, na kuanzia toleo la mwaka 1862 yalitumika kutayarisha almanaki ya Uingereza, kitabu kilichobebwa na manahodha na wasafiri waliotaka kujua mahali walipo kwa kutazama mbingu. Wakati huohuo, milima ya Usambara ilikuwa ikiingizwa kwa mara ya kwanza katika ramani zilizopimwa kwa jua, mwezi na nyota. Historia ya ramani hizo haielezeki vizuri bila kazi ya watu kama Hansen, wala bila watu wa Usambara na wa pwani waliowaongoza wapimaji hadi vilimani.

Mwana wa sonara

Hansen alizaliwa tarehe 8 Desemba 1795 huko Tondern, katika jimbo la Schleswig lililokuwa chini ya mfalme wa Denmark. Baba yake alikuwa sonara. Familia haikuwa na uwezo wa kumpeleka chuo kikuu, hivyo kijana huyo akafundishwa utengenezaji wa saa mjini Flensburg, kisha akafanya kazi hiyo Berlin na katika mji wake wa kuzaliwa. Hisabati na lugha alijifunza mwenyewe, baada ya kazi. Daktari mmoja wa Tondern aliyekiona kipaji chake alimsihi baba amruhusu kwenda Copenhagen, na mwaka 1820 Hansen akaondoka.

Huko alipokewa na Heinrich Christian Schumacher, mwanafalaki aliyekuwa akisimamia upimaji wa ardhi ya Denmark na Holstein. Hansen alimsaidia katika kazi hiyo, na kuanzia mwaka 1821 akafanya kazi katika kituo cha falaki cha Altona. Kwa hiyo, kabla ya kuwa bingwa wa hesabu za mbinguni, alikuwa amekwisha kushika vyombo vya kupimia ardhi kwa mikono yake. Mwaka 1825 alikabidhiwa kituo cha Seeberg, nje kidogo ya Gotha, akichukua nafasi ya Johann Franz Encke aliyehamia Berlin. Hakuondoka Gotha tena. Katika miaka ya 1850 jengo jipya la kituo lilijengwa mjini humo, naye akaendelea na kazi humo hadi alipofariki tarehe 28 Machi 1874.

Jumuiya ya Kifalme ya Falaki ya Uingereza ilimtunuku nishani yake ya dhahabu mara mbili, mwaka 1842 na mwaka 1860. Mwaka 1850 alipata Nishani ya Copley ya Jumuiya ya Kifalme ya London, tuzo ya juu kabisa ya sayansi nchini humo kwa wakati ule.

Kwa nini mwezi ulihitaji hesabu mpya

Mahali popote duniani hutajwa kwa vipimo viwili. Latitudo huonyesha umbali wa mahali kaskazini au kusini mwa ikweta. Longitudo huonyesha umbali wa mashariki au magharibi kutoka mstari uliochaguliwa kuwa mwanzo. Mji wa Lushoto, kwa mfano, uko karibu na nyuzi 4 na dakika 47 Kusini, na nyuzi 38 na dakika 17 Mashariki.

Latitudo hupatikana kwa urahisi kiasi: mpimaji hupima kimo cha jua au nyota inapofika juu kabisa katika safari yake ya angani, kisha hulinganisha kimo hicho na majedwali. Longitudo ni kazi nyingine. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa kila saa, kwa hiyo kujua longitudo ni sawa na kujua tofauti ya saa kati ya mahali ulipo na mahali pa mwanzo. Adhuhuri ya jua hufika Lushoto saa mbili na dakika 33 kabla haijafika Greenwich. Msafiri aliyeko Usambara huweza kuipata saa ya hapo alipo kwa kutazama jua au nyota. Kinachomtatiza ni kujua ni saa ngapi Greenwich wakati huohuo.

Njia ya kwanza ilikuwa kubeba kronomita, saa ya usahihi mkubwa iliyorekebishwa kwa saa ya Greenwich. Chombo hicho kilifanya kazi vizuri ndani ya meli. Nchi kavu kilibebwa kichwani au begani, kikaanguka, kikaloa mvua na kupata joto la mchana na baridi ya usiku. Kronomita ikikosea dakika moja tu ya saa, longitudo hukosea dakika 15 za tao, yaani robo ya nyuzi, ambayo katika latitudo za Usambara ni karibu kilomita 28.

Njia ya pili ilikuwa mwezi wenyewe. Mwezi husogea mbele ya nyota kwa karibu nusu nyuzi kila saa, sawa na upana wake unavyoonekana kwa macho. Ukiutazama hivyo, mwezi ni mshale wa saa, na nyota ni namba zilizopangwa kwenye uso wa saa hiyo. Mpimaji hupima umbali wa tao kati ya mwezi na nyota fulani, kisha hutafuta katika almanaki ni saa ngapi ya Greenwich ambapo umbali huo ulitabiriwa kutokea. Mtengeneza saa wa Tondern aliyageuza maisha yake kuwa kazi ya kuirekebisha saa hiyo ya angani.

Ugumu uko katika mwendo wa mwezi. Dunia huuvuta, jua huuvuta, na sayari nazo huuvuta kidogo kidogo. Mwezi huharakisha na kuchelewa, hupanda na kushuka, na njia yake haijirudii sawasawa. Majedwali yaliyotumika katika almanaki ya Uingereza kabla ya mwaka 1862 yalikuwa ya Johann Karl Burckhardt, nayo yalikuwa yameanza kuachana na mwezi ulioonekana katika darubini. Hansen alianza upya kutoka kanuni ya Newton ya nguvu ya uvutano. Mwaka 1838 alitoa kitabu kilichoeleza njia yake mpya ya kukokotoa, kisha akafuatilia kila mvuto, pamoja na mivuto midogo ya sayari ya Zuhura ambayo athari zake huchukua zaidi ya miaka 200 kukamilisha mzunguko mmoja. Hesabu hizo zote zilifanywa kwa kalamu na karatasi.

Serikali ya Uingereza iligharimia uchapishaji wa majedwali hayo mwaka 1857, na baadaye ikampa Hansen zawadi ya pauni 1,000. Msimamizi wa kituo cha Greenwich, George Biddell Airy, aliyekuwa na kumbukumbu za miaka mingi za mwezi ulivyoonekana, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono kwa nguvu. Yalipolinganishwa na kumbukumbu za miaka mia moja iliyotangulia, majedwali mapya yaliafikiana na mwezi halisi kwa tofauti ya sekunde chache za tao.

Anga la Usambara

Milima ya Usambara iko kaskazini mashariki mwa Tanzania, katika Mkoa wa Tanga. Bonde la mto Lwengera huigawa sehemu mbili. Usambara Mashariki iko upande wa Muheza na Amani. Usambara Magharibi, ambako ndiko uliko mji wa Lushoto, ina vilele vinavyozidi mita 2,200. Upande wa kusini na magharibi milima huteremka ghafla kuelekea bonde la Mkomazi na nyika, na kutoka ukingo wa Irente, karibu na Lushoto, jicho huona mbali sana juu ya tambarare.

Wenyeji wa milima na watu wa pwani walikuwa na elimu yao ya anga kabla ya sekstanti ya kwanza, chombo cha kupimia pembe za angani, kufika. Miezi ilihesabiwa kwa kuandama kwa mwezi. Wakulima wa pwani waliangalia kilimia, kundi la nyota ndogo linalopotea katika mwanga wa jua wakati wa masika na kuonekana tena alfajiri mvua zinapokaribia kumalizika, wakapanga kilimo kwa ishara hiyo. Mabaharia waliitumia Suheli, nyota kubwa ya kusini, kujua upande wa kuelekea. Elimu hiyo ilitosheleza kilimo, ibada na safari. Kazi ambayo haikuwa imefanywa ni kuunganisha kilele cha mlima na saa ya mji ulio mbali kwa namba.

Mpimaji aliyefika Usambara alikutana na tatizo ambalo wenzake wa Ulaya hawakuwa nalo. Nchi kavu hakuna upeo wa bahari wa kupimia kimo cha jua, hivyo hutumiwa sinia dogo la zebaki linaloakisi anga. Mpimaji hupima pembe kati ya jua lenyewe na taswira yake ndani ya zebaki, na pembe hiyo ni maradufu ya kimo halisi. Lushoto jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 61 wakati wowote wa mwaka, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, hupita utosini kabisa. Maradufu ya nyuzi 61 ni zaidi ya nyuzi 120, kiwango ambacho sekstanti nyingi za wakati ule hazikukifikia au zilikifikia kwa shida. Mpimaji alilazimika kusubiri usiku na kutumia nyota zilizo chini zaidi: Suheli upande wa kusini, ambayo hapo hufikia kimo cha nyuzi 42 hivi, au nyota angavu za kaskazini. Nyota ya Kaskazini, tegemeo la wapimaji wa Ulaya, haionekani Usambara kwa kuwa iko chini ya upeo.

Hali ya hewa iliongeza ugumu. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hufunika anga kwa mawingu. Katika miezi ya baridi ukungu hutanda vilimani. Kipindi cha Januari na Februari kilikuwa na nafasi nzuri zaidi, na safari mbili za upimaji zilizofika Vuga, ya mwaka 1857 na ya mwaka 1879, zilifanyika karibu na majira hayo.

Vuga na wageni wenye vyombo

Katikati ya karne ya 19 Usambara ilitawaliwa na Kimweri ye Nyumbai kutoka mji wake wa Vuga. Alikuwa wa ukoo wa Mbegha, mwasisi wa ufalme wa Wasambaa, na enzi yake ilienea kutoka milimani hadi karibu na pwani. Hakuna mgeni aliyepanda Vuga bila idhini. Ramani za kwanza za Usambara zilianza kwa ruhusa ya mfalme huyo, na kwa miguu ya waongozaji wanaojua njia.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akitafuta idhini ya kufungua misheni. Mwenzake, Jakob Erhardt, alifika Vuga mwaka 1853, na mwaka 1854 akakaa Tanga akiwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Kutokana na maelezo hayo Erhardt na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann walichora ramani maarufu iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki. Ramani hiyo ilijengwa kwa siku za mwendo na kumbukumbu za watu, pasipo vipimo vya anga. Mwaka 1856 ilichapishwa katika jarida la August Petermann mjini Gotha, mji uleule alikofanya kazi Hansen. Gotha ilikuwa na vitu viwili ambavyo jiografia ya Afrika ilivihitaji: kampuni ya Justus Perthes iliyochora na kuchapisha ramani, na kituo cha falaki kilichotengeneza majedwali ya kuzisahihisha.

Katikati ya Februari 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Vuga wakitokea Pangani. Walikuwa wakijiandaa kwa safari ya kwenda maziwa makuu, na Speke ndiye aliyeshughulikia vipimo. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa, akatumaini kupata dawa kwa wageni hao. Safari hiyo fupi ilimuingiza katika historia mtu mwingine ambaye jina lake lingejulikana kuliko majina ya wapimaji wengi: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa askari katika ngome ya Chogwe karibu na Pangani. Speke alimchukua hapo. Baadaye Bombay alikuwa nguzo ya safari za Burton na Speke, ya Stanley, na ya Verney Lovett Cameron aliyevuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi kati ya mwaka 1873 na 1875. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha.

Kimo cha milima kilipimwa kwa maji yanayochemka. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Lushoto, iliyo katika kimo cha mita 1,400 hivi, maji huchemka kwa karibu nyuzi 95. Kosa la sehemu moja ya kumi ya nyuzi huzaa kosa la mita 30 katika kimo. Hatari ya njia hiyo ilionekana baadaye katika safari ya Speke: kipimajoto kibovu kilimpa kimo cha ziwa Tanganyika cha futi 1,850 hivi, ilhali ziwa liko juu ya futi 2,500. Kwa ziwa Nyanza alipata futi 3,740, namba inayokaribiana mno na kimo kinachojulikana sasa.

Baada ya mwaka 1862

Mwaka majedwali ya Hansen yalipoanza kutumika katika almanaki ndio mwaka ambao Kimweri alifariki na ufalme wake ukaanza kugawanyika kwa vita vya urithi. Ndio pia mwaka wa safari ya Kilimanjaro ya Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten. Kersten, mzaliwa wa Altenburg mwaka 1839, alikuwa mkemia, na katika msafara huo kazi ya vipimo vya anga ilikuwa mikononi mwake. Mwaka uliotangulia Decken alikuwa amesafiri na Richard Thornton, mjiolojia Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na Livingstone. Njia za misafara hiyo kati ya pwani, Pare na Kilimanjaro zilipita kando ya Usambara, na vilele vyake vilikuwa alama za kupimia pembe kutoka mbali.

Faida ya vipimo hivyo ilionekana haraka. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, lakini mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alikana kwa miaka mingi kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Thornton alipima mlima kwa pembe mwaka 1861, na mwishoni mwa mwaka 1862 Decken na Kersten walipanda hadi takriban mita 4,200. Namba zilizopimwa zilimaliza ubishi ambao maneno hayakuweza kuumaliza. Baada ya Decken kuuawa mwaka 1865 katika safari ya mto Juba, Kersten alihariri mabuku ya safari zake, yaliyotoka kati ya mwaka 1869 na 1879, na ramani zake zilichorwa na Bruno Hassenstein.

Februari na Machi 1879 Keith Johnston, mchoraji ramani wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, alisafiri Usambara pamoja na kijana Joseph Thomson kabla ya kuanza safari ya ziwa Nyasa. Walipita Magila, penye misheni ya Kianglikana chini ya Usambara Mashariki, na kupanda hadi Vuga. Taarifa ya Johnston ilichapishwa London mwaka huohuo, lakini yeye alifariki Juni huko Behobeho, karibu na mto Rufiji, na Thomson akaendelea na msafara ulioongozwa na James Chuma, mmoja wa waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Toleo la mwaka 1879 la almanaki ya Uingereza lilikokotolewa kwa majedwali ya Hansen, na msafiri yeyote aliyepima umbali wa mwezi kwa kitabu hicho alitegemea namba za Gotha.

Uzito wa kosa dogo

Thamani ya majedwali bora huonekana wazi yakitumiwa kwa Lushoto yenyewe. Umbali kati ya mwezi na nyota ukikosewa kwa dakika moja ya tao, saa ya Greenwich hukosewa kwa dakika mbili, na longitudo kwa nusu nyuzi, yaani karibu kilomita 55. Kosa hilo likielekea mashariki, Lushoto ingechorwa kwenye longitudo ya Muheza. Likielekea magharibi, ingefika karibu na longitudo ya Same. Mlima mzima ungehama. Kosa la sekunde 10 za tao hupunguza uhamisho huo hadi kilomita 9 hivi.

Makosa yalitoka sehemu mbili. Moja ni mkono na chombo cha mpimaji, ambaye kwa kawaida alipaswa kupima umbali wa mwezi, kimo cha mwezi na kimo cha nyota karibu kwa wakati mmoja, kisha kukaa saa nyingi akisahihisha namba kwa ajili ya hewa inayopinda mwanga na kwa ajili ya kuuona mwezi kutoka juu ya uso wa dunia. Kosa hilo lilipungua kwa kurudia kipimo usiku baada ya usiku. Sehemu ya pili ni jedwali lenyewe, na hilo msafiri hakuweza kulirekebisha hata angepima mara mia. Hapo ndipo kazi ya Hansen ilipokuwa na uzito wake.

Usahihi huo ulikuwa na matokeo ya kisiasa pia. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo ya ushawishi kwa mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi ziwa Jipe na kuzunguka Kilimanjaro, ukapita kaskazini mwa Usambara bila kuwauliza Wasambaa wala majirani zao. Mstari unaochorwa juu ya karatasi hutegemea mahali milima na maziwa yalipowekwa na wapimaji, na watu wa pande zote mbili wameishi na matokeo yake hadi sasa.

Kutoka mwezi hadi waya na pembetatu

Umuhimu wa mwezi katika kupima longitudo ulipungua kuanzia mwaka 1879, waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulipofika Zanzibar kutoka Aden. Saa iliweza kutumwa kwa umeme, na miji ya pwani ikawa na msingi imara wa kupimia bara. Kutoka msingi huo wapimaji walijenga pembetatu: pembe zikipimwa kutoka kilele hadi kilele, umbali mmoja uliopimwa kwa usahihi hutosha kukokotoa mingine yote. Usambara, yenye ncha zinazoonekana kutoka mbali, inafaa sana kwa kazi hiyo.

Oscar Baumann, Mwaustria mzaliwa wa Vienna, alipita Usambara mwaka 1888 pamoja na Hans Meyer kabla ya wote wawili kukamatwa wakati wa vita vya Abushiri. Alirudi mwaka 1890 kuchunguza na kupima, na mwaka 1891 akatoa kitabu kuhusu Usambara na nchi jirani. Kazi hizo zilihudumia utawala wa Kijerumani: mashamba ya walowezi, mji wa Wilhelmstal ambao ndio Lushoto ya leo, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kwa Wasambaa wengi ramani iliyokamilika ilikuja pamoja na kupoteza ardhi.

Mwishoni mwa karne falaki ilileta swali jipya katika koloni hilo. Kati ya mwaka 1899 na 1900 Ernst Kohlschütter alipima nguvu ya uvutano sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa pendulo, kazi iliyosaidia baadaye kuelewa muundo wa mabonde ya ufa. Kanuni ya uvutano ambayo Hansen aliifuatilia katika mwendo wa mwezi ilianza kutumika kuchungulia chini ya milima.

Mwisho wa majedwali ya Hansen

Majedwali ya Hansen hayakubaki sahihi. Baada ya miaka ya 1860 mwezi ulianza kuachana nayo kidogo kidogo. Simon Newcomb wa Marekani alichunguza kumbukumbu za zamani za mwezi na kupatwa kwa jua, na kuonyesha mwaka 1878 kwamba majedwali hayo, yaliyolinganishwa zaidi na vipimo vya baada ya mwaka 1750, hayakuafiki vizuri miaka iliyotangulia. Masahihisho ya Newcomb yaliingizwa katika almanaki katika miaka ya 1880. Wazo jingine la Hansen, kwamba kitovu cha uzito wa mwezi kiko kilomita 59 mbali na kitovu cha umbo lake, lilichunguzwa na kukataliwa. Mwaka 1923 majedwali yake yaliachwa rasmi, na nafasi yake ikachukuliwa na ya Ernest William Brown. Baadaye wanafalaki walithibitisha kwamba sehemu ya tofauti iliyobaki ilitoka duniani kwenyewe, kwa sababu mzunguko wa dunia hauna kasi isiyobadilika. Saa ya mwezi ilikuwa ikilinganishwa na dunia ambayo nayo huchelewa na kuharakisha.

Kwa miaka 61, kuanzia mwaka 1862 hadi 1922, hesabu za mtengeneza saa huyo ndizo zilizokuwa msingi wa mwezi wa almanaki ya Uingereza. Kreta moja ya mwezini imepewa jina lake. Lakini ramani ya Usambara ina deni kwa watu wengi: Kimweri aliyeruhusu wageni kupanda, Bombay na Chuma waliopeleka misafara mbele, wapagazi waliobeba zebaki na kronomita kwenye miteremko, na wenyeji waliotaja majina ya Vuga, Magamba na Mkomazi yanayosomwa hadi leo. Hansen alitoa namba za mbinguni, wao wakatoa njia, majina na nguvu, na vyote hivyo vilihitajika ili mlima uwekwe mahali pake kwenye karatasi.